Presha ya Mtu Asiyekuwepo

Niliwahi kumpima presha mwanamke ambaye hakuwepo, nikaikuta nzuri. Mia moja na kumi kwa sabini. Niliiandika kwa kalamu ya bluu, kwa ule mwandiko wangu ambao walimu wa sekondari waliusifu kwa kukosa kingine cha kusifu, nimekaa jikoni kwangu, nangoja chai ichemke. Mwenye mkono alikuwa Sumbawanga mjini.

Nalitanguliza hilo msije mkadhani mnasoma habari za mtu wa maana. Nesi Neema, mkuu wa zahanati yetu, ndiye aliyeniomba niandike. Alisema, "Mama Deo, umekaa hapa miaka yote hiyo, waandikie wahudumu wapya kitu, waijue kazi." Nadhani alitegemea nasaha. Samahani, mwanangu.

Mimi nilikuwa mhudumu wa afya. Kijijini waliniita nesi, nami sikuwasahihisha, maana kuwasahihisha watu wazima nilifundishwa kuwa ni utovu wa adabu. Nesi ni yule aliyesomea. Mimi nilimaliza kidato cha nne, nikafunzwa miezi michache, nikapewa koti. Zahanati yetu, huku upande wa Mpui, iko juu ya kilima, na nyumba yangu iko chini yake: dakika saba kupanda, nne kushuka. Hizo nne ndizo nilizozipenda. Ni mtu wa nyumbani mimi. Dar es Salaam naijua kwa redio. Wakiniita semina mjini, naumwa jino. Tabibu wetu aliwahi kuniuliza nina meno mangapi, maana kwa hesabu yake yalishapita thelathini na mawili.

Semina mojawapo niliyoikwepa ilihusu presha ya wajawazito. Siku hiyo niliumwa gego.

Siku yangu ya kwanza kazini alinipokea Mama Restituta, muuguzi mkunga, mwanamke mfupi aliyetembea siku zote kama amechelewa misa. Hakunionyesha choo wala mahali pa kukaa. Alinikalisha mbele ya mashine ya presha, ile ya sanduku yenye zebaki, akavua sweta, akaninyooshea mkono wake mwenyewe. "Funga hapa, juu ya kiwiko. Kwenye ngozi, siyo kwenye sweta. Jaza upepo. Sasa legeza taratibu usikilize. Kugonga kwa kwanza ni namba ya juu. Kukinyamaza ni namba ya chini."

Nikavaa stetoskopu, nikajaza, nikalegeza. Nilisikia upepo, nikasikia jogoo wa nje, nikasikia tumbo langu. Nikamtajia namba.

"Umesikia au umekisia?"

"Nimekisia, mama."

"Basi sema hujasikia. Asiyesikia anapima tena. Anayekisia anazika."

Nilipima mkono ule asubuhi nzima mpaka ukawa mwekundu. Saa sita nikasikia: tak, tak, tak, halafu kimya. Nilifurahi kama mtu aliyepata redio ya mbali. Mama Restituta alishusha mkono wa shati akasema, "Haya, sasa unaweza kula."

Kliniki ya wajawazito ilikuwa Alhamisi. Walikuja kwa miguu na kwa baiskeli, kutoka ng'ambo ya bonde, wengine kutoka kwenye maboma ya Wasukuma wanaochunga ng'ombe huko tambarare, mwendo wa nusu siku. Mwezi wa sita na wa saba, kwa baridi yetu hii, kila mmoja alikuwa na masweta mawili na kitenge juu, na kuupata mkono ndani yake ilikuwa kama kumenya kitunguu. Na wote walikuwa wamepanda kilima. Kwa hiyo wapo waliofika namba ikiwa juu. Mama Restituta hakubishana nayo. Alimlaza mtu kwa ubavu wa kushoto nusu saa, akampima tena. Ikishuka, nenda salama. Isiposhuka, analeta kijiti cha kupimia mkojo, halafu anaandika barua ya kwenda hospitali mjini, na mume anaitwa akiwa bado shambani na jembe.

Alipostaafu, alivua stetoskopu yake akanivalisha shingoni. Tabibu alibaki na wagonjwa wa kawaida, mimi nikabaki na Alhamisi.

Sasa sikilizeni jinsi mtu anavyoteremka, maana hakuna anayeruka. Nusu saa niliipunguza ikawa robo. Foleni ni ndefu, na nimeacha maharage motoni. Robo ikawa glasi ya maji. Glasi ya maji ikawa sentensi: "Umepanda kilima, mwanangu, itashuka." Halafu nikawa naandika namba ambayo ingekuwepo kama kilima kisingekuwepo. Kilima hakikuwahi kujitetea.

Na niliamini, hilo mjue. Niliamini presha ni ya watu wa mjini, wanene, wenye magari na mawazo mengi. Mwanamke wa Ufipa anayelima ulezi na mimba ya miezi minane, anayebeba kuni akiimba, presha aitoe wapi? Kama ningeulizwa inawapata wajawazito wangapi, ningejibu ni mkosi wa mmoja mmoja, kama radi. Nilikuwa na ushahidi: rejesta yangu. Kurasa na kurasa, hakuna hata mmoja. Sikuwahi kujiuliza rejesta hiyo anaiandika nani.

Wasimamizi wawili walipita siku moja, wakafunua, mmoja akashangaa. "Hapa kwenu hamna presha kabisa?"

"Hatuna, baba," nikajibu. "Sisi ni watu wa milimani."

Wakacheka, wakaandika "hongera" kwenye kitabu cha wageni. Neno hilo lipo mpaka leo. Msilifute, nalihitaji.

Kisha, kipupwe kimoja, ule mpira wa kujazia upepo ukapasuka. Niliandika barua ya kuomba mwingine, na hapo nilitimiza wajibu wangu. Mpira haukuja. Ningeweza kuwaambia wanawake ukweli, kwamba mashine imekufa, waende kituo cha afya kinachofuata. Lakini utamwambiaje mtu aliyetembea nusu siku, akapanda na kilima, kwamba umemwita bure? Niliona aibu. Aibu ile ndogo ndiyo iliyonizalia hii kubwa. Niliwafunga kitambaa mkononi, nikaminya mpira uliopasuka, nikaitazama zebaki isiyoondoka mahali pake, nikatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika, nikaandika mia moja na kumi kwa sabini. Kuandika nakusema kwa mdomo mzima. Kule kutikisa kichwa ndiko ninakoshindwa kukueleza.

Ukishaandika bila kupima, utagundua kwamba hata mwenye mkono hana kazi. Nikaanza kuijaza safu ya presha asubuhi nyumbani, kabla ya kliniki, ili nimalize mapema. Na majirani zangu niliwafanyia hisani zaidi: kadi zao nilizitunza kwenye kopo la biskuti, nikazijaza, nikawarudishia, wasipange foleni. Walinishukuru. Walinipa na mayai.

Hapo ndipo anapoingia Mama Skola. Tumetenganishwa na uzio wa miti wenye pengo la kupita mtu mmoja na beseni lake. Analima ulezi, ameishia darasa la saba, na mdomo wake haujui njia ya kuzunguka. Siku nilipopaka nyumba yangu chokaa alisimama kwenye pengo akasema, "Sasa inafanana na kaburi la padri." Huyo ndiye rafiki yangu wa karibu kuliko wote.

Binti yake, Skolastika, aliolewa kule Kate. Mimba ya kwanza ilipofika miezi saba alirudi kwa mama yake kuzalia, kama ilivyo kwetu. Nilikuwepo Skola alipozaliwa. Nilimfunga nepi. Leo apange foleni mbele ya meza yangu kama mgeni? "Kadi yake iacheni kwangu," nikasema, na nilijiona mwema.

Miguu yake ilivimba. Alivaa ndala za baba yake, nasi tukamcheka. Mama Skola alisema mtoto huyo ni dume, anatanguliza viatu. Kichwa kilimuuma, nikamwambia ni jua. Asubuhi moja alisema anaona nyota nyota mbele ya macho, uso nao umejaa kama aliyelala sana. Nikamwambia anywe maji. Mama Restituta alinifundisha dalili hizo zote, kwa mpangilio huo huo, nami nilizisikia zikitajwa moja moja juu ya uzio nikiwa napepeta mchele.

Alhamisi ile nilijaza kadi yake kama nilivyosema, chai ikichemka. Tarehe ya siku hiyo, uzito nikakisia, presha mia moja na kumi kwa sabini. Nikapita pengoni, nikaiweka juu ya jiwe lao la kusagia kama kawaida, nikapanda kilima. Sikujua kwamba Skola aliondoka tangu Jumatano, kaenda Mazwi, Sumbawanga mjini, kwa shangazi yake kuchukua nguo za mtoto.

Saa nne Mama Skola alifika zahanati akihema, kadi mkononi, simu mkono wa pili. Benchi lilikuwa limejaa.

"Skola ameanguka huko mjini. Anatikisika mwili mzima, macho yamegeuka. Shangazi yake amempeleka hospitali kwa bodaboda. Mama Deo, ni nini?"

Mmoja kwenye benchi akasema degedege. Mwingine akasema mashetani ya ukoo wa mume. Mimi nililijua jina la ugonjwa ule kabla Mama Skola hajamaliza kusema. Kifafa cha mimba. Kinaletwa na presha iliyopanda bila kutibiwa. Na badala ya jina hilo, mdomo wangu ukatoa hiki, mbele ya watu wote:

"Mbona presha yake ilikuwa nzuri?"

Mama Skola alishuka kilima akitafuta usafiri.

Walimwokoa Skola. Walimchoma dawa ya kuzuia kifafa, wakamzalisha haraka. Mtoto alikuwa wa kike, na hakulia. Walimleta nyumbani ndani ya kanga, tukamzika nyuma ya nyumba. Kwenye msiba ule nililia kwa sauti kubwa kuliko bibi wa mtoto, mpaka akina mama wakanishika mabega, wakaninywesha maji. Mimi.

Baada ya siku tatu Mama Skola alipita pengoni na ile kadi, akaiweka mezani kwangu ikiwa imefunguliwa.

"Daktari aliuliza hii ilipimwa saa ngapi."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamjibu mimi siyo nesi."

Akaomba chumvi, nikampa, akaondoka. Niliirudisha kadi kwenye kopo la biskuti. Nilijipa moyo kwamba hajaelewa. Darasa la saba, nikajiambia, atajuaje mambo ya tarehe na namba. Nilingoja wiki, nikangoja mwezi, nikitegemea mtu wa kuja kuniuliza. Hakuja mtu. Nikapata nafuu, na nafuu hiyo nayo naionea aibu.

Neema alikuja miezi michache baadaye, amehitimu juzi, kijana wa mjini, salamu zake kwa vijana "mambo", kwangu "shikamoo mama". Alikuja na mashine mpya ya betri. Alhamisi yake ya kwanza nilikaa pembeni kumsaidia. Mwanamke wa tatu, namba juu.

"Ni kilima," nikasema.

"Sawa, mama. Tukipe kilima nusu saa."

Walioshindwa na kilima siku hiyo tuliwalaza. Nusu saa ilipopita wengine walishuka. Wawili hawakushuka. Mmoja wao alikuwa Kabula, msichana wa Kisukuma, mwembamba kama fimbo ya kuchungia, aliyepiga goti kutusalimia kabla hajakaa. Alikuwa anacheka. "Siumwi chochote," alisema. "Mimi nimekuja kuchukua vidonge vya damu tu." Kijiti cha mkojo kilibadilika rangi. Alhamisi iliyofuata tulipata mwingine. Iliyofuata hatukupata. Iliyofuata tukapata watatu, na wawili kati yao ni mimba za kwanza, na hakuna aliyekuwa mnene, wala mwenye gari.

Neema alifunua rejesta yangu nyuma, kurasa nyingi. Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote:

"Mama, hawa zamani walikuwa wanapitia wapi?"

"Hapa hapa," nikajibu.

Presha haikuja na betri za Neema. Ilikuwa inakaa kwenye benchi lile kila mwezi, imevaa sweta, imebeba kadi, inanisalimia. Ni ya kawaida kiasi hicho. Mwenye nayo mara nyingi hajui, anacheka, anaomba vidonge vya damu aende zake. Iliyokuwa adimu ni mikono iliyofungwa kitambaa na mtu anayesikiliza. Jioni ile nilianza kupiga hesabu kurudi nyuma: kama kwa mwezi tunapata hawa, basi kwa miaka ile yote nilipitisha wangapi? Nikawakumbuka wengine kwa majina. Yule aliyefia njiani, tukasema ni damu. Yule wa boma la mbali, tukasema amerogwa. Nikaiacha hesabu. Sijaimalizia mpaka leo.

Kwa Neema nilikiri nusu: kwamba mpira ulipasuka, kwamba wakati mwingine "tulikadiria". Alidhani namaanisha kidogo. Nikamwacha adhani.

Baada ya hapo nilikuwa mhudumu mzuri, niseme ukweli wote hata unaonipendeza. Kwenye ngozi, siyo kwenye sweta. Nusu saa kwa saa ya ukutani. Semina ilipotokea tena, meno yangu yalipona, nikalala mjini siku mbili nikililia kitanda changu. Nilipostaafu, siku ya kuniaga, Neema alisimama akasema, "Mama Deo haandiki asichokipima." Watu wakapiga makofi. Nami nikala pilau yangu yote.

Kabla ya hapo, nikiwa bado kazini, Skola alipata mimba ya pili, akarudi tena kwa mama yake. Kila Alhamisi Mama Skola alimpandisha kilima amemshika mkono. Walipita mbele ya meza yangu, tukasalimiana vizuri kabisa, wakaenda kusimama kwenye foleni ya Neema. Yangu ilikuwa fupi. Na humo foleni Mama Skola aliwafundisha wasichana wageni, kwa sauti ya kusikika mpaka dirishani: "Mkono ndio unaopimwa. Kadi haina mkono." Walicheka. Nami nilicheka, nikadhani ni utani wake wa siku zote. Presha ya Skola ilipanda mimba ilipofika mwezi wa saba, Neema akaiona siku hiyo hiyo, akamwanzishia vidonge, akamwandikia barua mapema. Alijifungulia hospitali mjini. Mtoto wa kiume, yuko darasa la kwanza, ananiibia mapera.

Basi, nyinyi mnaokalia kiti changu: mashine ikifa, sema imekufa. Mwanamke atakasirika, atakutukana, atateremka kilima akisonya. Mwache asonye. Anayesonya yuko hai. Na akikuuliza mwenzako kama hapo kwenu presha ipo, usimfungulie rejesta. Mwambie asubiri Alhamisi.

Nilidhani nimemaliza kuandika hapo. Kisha nikaona kwamba karatasi hizi zitasomwa zahanati, na kijiji chetu hakina ukuta. Haifai Mama Skola ayasikie haya kwanza foleni. Kwa hiyo jana mchana nilitoa kadi kwenye kopo la biskuti, nikapita pengoni. Alikuwa amekaa uani anapeta ulezi. Nilimsomea yote, tangu jikoni mpaka kwenye mapera. Nilipofika kwenye kanga nilirudia mstari mmoja mara tatu, akaningoja, hakunisaidia. Ungo wake haukusimama hata mara moja.

Nilipomaliza nikamwekea kadi mapajani. Hakuitazama. Alipuliza makapi, akaweka ungo chini, akasema:

"Nilijua tangu siku ile hospitali. Nilikuwa nangoja tu nione utaanza lipi, kusema au kustaafu. Haya, umestaafu."